Pirates Wana Misimu Minne tu na Skenes

Jumapili ya tarehe 18 Mei 2025 nilikuwa sebuleni kwangu hapa Pittsburgh, daftari mapajani, penseli mkononi. Nina mazoea ya kumwandika kila mpigaji anayesimama: nani katolewa, nani kafika besi ya kwanza, nani karudi benchi kichwa chini. Siku hiyo Paul Skenes, mrushaji wa Pirates, timu yetu ya besiboli, alikuwa akirusha kule Philadelphia. Alirusha mechi nzima peke yake, jambo ambalo siku hizi makocha hawamwachii mrushaji alifanye, na akaruhusu pointi moja tu. Tukafungwa 1-0. Kwenye ukurasa wetu wa daftari kulikuwa na safu ya sifuri tisa, zimepangana kama mayai kwenye trei.

Tena mechi nzima kwake ilikuwa zamu nane, si tisa. Besiboli ina zamu tisa, lakini mwenyeji akiwa mbele hana haja ya kupiga ile ya mwisho. Kwa hiyo kijana wetu alimaliza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu bila msaada wa mtu, na kitabuni ikaandikwa kipigo. Nililifunga daftari, nikakaa muda mrefu bila kusema kitu.

Msimu ule wote ulikwenda hivyohivyo. Skenes alimaliza akiwa ameruhusu wastani wa pointi 1.97 kwa kila zamu tisa, akawatoa wapigaji 216 kwa kuwakosesha mpira, akapewa tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora wa National League, nusu moja ya ligi kuu, kwa kura zote bila hata moja kupotea. Na rekodi yake ya kushinda na kushindwa? Kumi kwa kumi. Mrushaji bora wa ligi, ushindi nusu kwa nusu, kwa sababu wenzake hawapigi. Timu nzima ilivusha ukuta, yaani ilipiga mpira ukatoka nje ya ukuta wa uwanja na kuleta pointi papo hapo, mara 117 katika mechi 162, na hakuna timu nyingine yoyote kati ya 30 iliyovusha mara chache kuliko sisi. Tulishinda 71, tukapoteza 91.

Naandika haya katikati ya Januari 2026, theluji imejaa uani, na wiki chache zijazo wachezaji wataripoti kambini Florida. Nina jambo moja la kusema kuhusu timu hii. Skenes ni wetu hadi mwisho wa msimu wa 2029, baada ya hapo anakuwa mchezaji huru na matajiri watampigia hodi. Ni misimu minne. Kila dola inayofichwa leo kwa jina la subira ni msimu mmoja wa Skenes unaotupwa.

Kwa wasomaji wa nyumbani wanaofuata zaidi kandanda, kuna jambo lazima nilieleze, maana ndilo mzizi wa fitina. Ligi hii haina kushuka daraja. Tanzania ukimaliza mkiani unateremka, mashabiki wanalia, viongozi wanawajibishwa. Huku ukimaliza mkiani unabaki palepale, na juu yake unapata nafasi nzuri ya kuchagua vijana wapya kabla ya wengine. Tulipoteza mechi 100 mwaka 2022, bahati nasibu ikatuangukia, na mwaka 2023 tukawa wa kwanza kuchagua. Ndivyo Skenes alivyokuja. Utaratibu wenyewe una nia njema, ya kuwainua wanyonge. Lakini mmiliki asiye na haraka anaweza kuishi ndani yake miaka na miaka, akiuza tumaini la mwakani.

Nilifika mji huu majira ya kuchipua ya mwaka 2013, nikapata kazi ghalani, shifti ya usiku. Kulikuwa na mzee mmoja, dereva wa forklifti, mzaliwa wa hapahapa, ambaye nilimwita Mzee, na nilipomweleza maana yake alifurahi akataka kila mtu amwite hivyo. Yeye ndiye aliyenifundisha besiboli, kwa redio ndogo iliyofungwa kwa waya kwenye nguzo. Wakati huo Pirates walikuwa na misimu 20 mfululizo ya kushindwa zaidi kuliko kushinda, kuanzia 1993 hadi 2012. Ishirini! Kulikuwa na vijana ghalani waliozaliwa, wakakua, wakaanza kazi, bila kuiona timu yao ikiwa na msimu mmoja mzuri.

Mwaka ule mambo yakabadilika. Tarehe 1 Oktoba 2013 tulicheza mechi moja ya mtoano na Cincinnati, uwanja wa nyumbani, PNC Park, kando ya mto Allegheny. Watu walivaa nyeusi uwanja mzima. Mrushaji wa Cincinnati alikuwa Johnny Cueto, na umati ukaanza kuliimba jina lake taratibu, kwa kuvuta: Kueee-to, Kueee-to. Sisi ghalani tulikuwa mapumzikoni, tumejazana kwenye chumba cha chai mbele ya televisheni moja. Ghafla mpira ukamponyoka Cueto mkononi, ukadondoka chini miguuni pake. Umati ukalipuka. Mpira uliofuata, Russell Martin akaupiga ukavuka ukuta. Mzee alinishika bega kwa nguvu, machozi yanamtiririka, akasema neno moja tu: "Umeona?" Tulishinda 6-2.

Nimeona, Mzee. Tangu siku ile sijaweza kuiacha timu hii.

Miaka miwili baadaye tulishinda mechi 98, tukakutana na Cubs wa Chicago katika mechi moja ya mtoano, tukafungwa 4-0. Hiyo ilikuwa 2015. Hatujarudi tena hatua hiyo mpaka leo. Na haikuwa bahati mbaya. Januari 2018, ndani ya siku chache, uongozi ulimuuza mrushaji Gerrit Cole kwa Houston na Andrew McCutchen kwa San Francisco. McCutchen! Mchezaji bora wa National League wa mwaka 2013, mtu ambaye watoto wa mji huu walikuwa wakiiga mpaka nywele zake. Alirudi mwaka 2023 akiwa mtu mzima, na tulimpokea kwa shangwe, lakini ile miaka ya katikati haikurudi naye. Mzee alistaafu, kisha akafariki. Mara ya mwisho timu yake kutwaa ubingwa wa dunia ilikuwa 1979, naye alikuwa kijana mwenye ndevu nyeusi, hivyo alivyoniambia. Ndiyo maana mtu akiniambia "subirini, vijana wanakuja," damu inanichemka.

Sasa kikosi chenyewe. Upande wa kurusha, nasema bila kuogopa, tuko na utajiri. Nyuma ya Skenes yuko Mitch Keller, mkongwe mwenye mkataba wa miaka mitano. Yuko Bubba Chandler, aliyepandishwa Agosti iliyopita na anayerusha mpira kwa kasi inayogusa kilomita 160 kwa saa. Yuko Braxton Ashcraft. Jared Jones alifanyiwa upasuaji wa kiwiko Mei 2025 na tunangoja arudi. Kwa vijana hawa ningekwenda vitani na timu yoyote. Kutoka kilima cha mrushaji hadi anaposimama mpigaji ni mita 18 na kidogo. Mpira wa Chandler unafika hapo mtu hajamaliza kupepesa jicho. Wengine hutafuta utajiri huu miaka kumi wasiupate.

Tatizo ni gongo. Bryan Reynolds ndiye mwenye mkataba mkubwa kuliko wote katika historia ya klabu, dola milioni 106.75, na msimu uliopita hakuwa yule tuliyemzoea. Henry Davis, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa nchi nzima mwaka 2021, anadaka vizuri na warushaji wanampenda, lakini kwa gongo alimaliza na wastani wa .167 (chini ya mapigo 17 yaliyofanikiwa kwa kila majaribio mia), ambao ni mdogo mno hata kwa mdakaji.

Oneil Cruz ndiye anayeniumiza kichwa kuliko wote. Jitu la zaidi ya mita mbili, lina mbio, lina mkono kama manati. Wiki moja tu baada ya ile 1-0 ya Philadelphia, aliupiga mpira hapa nyumbani ukatoka kwenye gongo kwa kasi ya karibu kilomita 198 kwa saa, ukavuka ukuta wa kulia kuelekea mtoni. Haujawahi kupimwa mpira uliopigwa kwa nguvu zaidi tangu vipimo hivi vianze mwaka 2015. Nilikuwa jukwaani siku hiyo na binti yangu. Mlio wake haukufanana na mlio wa mbao. Ulikuwa kama mlango wa chuma uliobamizwa na upepo. Watu walisimama sekunde mbili wakiwa kimya kabla ya kupiga kelele. Kisha mtu huyohuyo akamaliza msimu na wastani wa .200. Aliiba besi 38, yaani alikimbilia besi inayofuata bila kungoja mpira upigwe, akavusha ukuta mara 20, na katikati ya hayo akawa anarudi benchi mara kwa mara bila kugusa mpira. Wapo wanaosema auzwe. Mimi nasema hapana, kipaji kama hicho hakiokotwi. Mpe kocha wa kupiga mwenye subira, mpe kocha mkuu Don Kelly nafasi ya kumpumzisha anapokutana na warushaji wa mkono wa kushoto, na mwache acheze.

Halafu kuna jina ambalo mji mzima unalitaja: Konnor Griffin. Kijana wa Mississippi, tulimchagua wa tisa mwaka 2024 akitoka shuleni. Mwaka 2025, akiwa na miaka 19, alipanda ligi tatu za chini katika msimu mmoja, akapiga wastani wa .333, akavusha ukuta mara 21 na kuiba besi 65. Anacheza kati ya besi ya pili na ya tatu, mahali pagumu kuliko pote pa kulinda. Namwombea afya. Lakini sitaki mzigo wa timu nzima utupwe kwenye mabega ya mtoto ambaye hajasimama hata mara moja mbele ya mrushaji wa ligi kuu.

Nikubali kwamba majira haya ya baridi uongozi umefanya kitu. Mwezi Desemba wamemleta Brandon Lowe kutoka Tampa Bay, aliyevusha ukuta mara 31 msimu uliopita. Kutoka Boston wamemleta Jhostynxon Garcia, kijana mwenye nguvu. Na wamemsajili Ryan O'Hearn kwa miaka miwili na dola milioni 29. Usajili wa aina hii, wa mpigaji huru kwa zaidi ya mwaka mmoja, haukuwa umefanyika hapa tangu Desemba 2015. Soma tena tarehe hiyo. Iliripotiwa pia kwamba walimtaka mpigaji Kyle Schwarber kwa dola milioni 125 kwa miaka minne, naye akachagua kubaki Philadelphia. Nimefurahi kwamba walijaribu. Ila Lowe mkataba wake unakwisha mwaka huuhuu, na O'Hearn si kijana. Hawa ni wa kuziba pengo.

Bob Nutting ndiye mmiliki mkuu tangu 2007. Aprili iliyopita, mechi ya kwanza ya nyumbani, uwanja ulimwimbia auze timu. Mimi siimbi wimbo huo, kwa sababu sijui nani angekuja baada yake na angeipeleka wapi. Wala simwambii atumie kama Dodgers wa Los Angeles wanaolipa zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka. Ninachomwambia ni atazame Milwaukee. Ni kundi letu hilohilo, tunacheza nao kila mwaka, na si matajiri. Mwaka 2025 walishinda mechi 97, nyingi kuliko timu yoyote ya ligi nzima. Umaskini si sababu. Hata kama ungekuwa sababu, huwezi kuwa na Skenes kwa mshahara wa kijana halafu ukasema huna fedha za kumnunulia wapigaji. Fedha unazookoa kwake ndizo hizo.

Mdogo wangu aliyeko Tanga huniuliza: "Kaka, kwani lazima ushabikie hao? Si uhame tu, uende kwa hao Dodgers?" Namjibu kwamba timu hii ilimwona Mwafrika kabla ya wengine. Gift Ngoepe alizaliwa Afrika Kusini, akakulia kwenye jengo la klabu ya besiboli Randburg, ambako mama yake alikuwa mfanya usafi. Pirates walimsajili mwaka 2008. Alikaa ligi za chini karibu miaka tisa. Tarehe 26 Aprili 2017 akaingia uwanjani PNC Park dhidi ya Cubs, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kucheza ligi kuu, na mara yake ya kwanza kushika gongo akaupiga mpira wa Jon Lester, mrushaji wa Cubs, na kufika besi ya kwanza. Nililia kazini. Na hii ndiyo timu ya Roberto Clemente, aliyekufa kwenye ndege tarehe 31 Desemba 1972 akipeleka misaada kwa watu wa Nicaragua waliokumbwa na tetemeko. Ukuta wa kulia una urefu wa futi 21 kwa ajili ya namba ya jezi yake. Klabu yenye watu wa namna hiyo mtu haiachi.

Kwa hiyo narudi kwenye kikosi. Julai iliyopita tulimpeleka Ke'Bryan Hayes Cincinnati, na tangu hapo besi ya tatu haina mwenyewe. Jared Triolo anailinda vizuri, lakini hapigi vya kutosha kusimama hapo siku 162. Eugenio Suárez, mtu wa besi hiyohiyo, alivusha ukuta mara 49 msimu uliopita, na leo ninapoandika hana timu. Ana umri, ndiyo. Anakosa mipira mingi, ndiyo. Ila nimelifungua lile daftari la Mei kwenye ule ukurasa wa sifuri tisa, na nikihesabu, tulihitaji mpira mmoja tu wa kuvuka ukuta ili mechi iendelee. Mpigieni simu wiki hii.