Mrija wa jichoni mwa Mjomba

"Mpwa wangu, kuna mchanga umeingia jicho hili na hautaki kutoka."

Mjomba alianza kulalamika hivyo mwezi wa sita, tukiwa katikati ya kupuliza salfa kwenye mikorosho. Huku Newala msimu huo nusu ya kijiji wanatembea na macho mekundu, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Alinunua dawa ya matone duka la dawa, ikaisha, akanunua nyingine. Wiki ya nne nikamkalisha kibarazani, nikamwambia atazame chini, nikainua kope ya juu na kumulika kwa tochi ya simu. Kwenye weupe wa jicho kulikuwa na kitu mfano wa kipande cha mshipi wa kuvulia samaki. Kinang'aa, na hakina kilichokifunika.

Ulikuwa mrija aliowekewa Dar miaka miwili nyuma kwa ajili ya presha ya macho.

Kwa asiyeujua: ni mrija laini wa silikoni, unene wake haufiki milimita 1. Ncha moja huingia ndani ya jicho, nyingine imeungana na kisahani kilichoshonewa kwenye weupe, nyuma ya kope. Maji yanayozidi ndani ya jicho yanapita humo, presha inashuka. Mjomba alikuwa ameshapoteza jicho la kushoto kwa ugonjwa huohuo, kwa hiyo mrija ule nauheshimu. Shida ni kwamba kope inapita juu yake kila unapopepesa, maelfu ya mara kwa siku, na kilichopo katikati ni utando mwembamba tu wa jicho. Ndiyo maana daktari huweka kiraka juu ya mrija kabla ya kushona utando: kipande cha ukuta mweupe wa jicho au cha konea (kioo cha mbele ya jicho) ya marehemu aliyejitolea, au utando unaofunika moyo uliotayarishwa kwa kazi hiyo. Pasipo kiraka, wapo wanaochimba njia ndefu ndani ya ukuta wa jicho la mgonjwa mwenyewe na kuupitisha mrija humo. Hata hivyo kiraka huweza kulika taratibu, na utando ukatoboka.

Wala si jambo la ajabu. Katika utafiti mmoja mkubwa, uliofanyika zaidi Marekani, kwa wagonjwa wapatao 5 kati ya kila 100 waliowekewa, mrija ulichomoza ndani ya miaka 5. Madaktari wanalijua hili. Sisi hatukuambiwa. Karatasi tuliyorudi nayo iliandika jina la upasuaji kwa Kiingereza, dawa za matone, na tarehe ya kurudi. Basi.

Maneno manne yangetosha: mrija ukionekana, njoo leo. Maana tundu lile ni mlango wazi, vijidudu hufuata mrija mpaka ndani ya jicho, na usaha ukishaanza humo jicho linaweza kufa kwa siku chache. Mjomba alikaa na mlango huo wazi wiki nne, katika vumbi la salfa, akifikicha macho kwa kiganja. Nikifikiria hilo mpaka leo tumbo linanikata.

Kutoka kwetu hadi Dar ni zaidi ya kilomita 600. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika Somanga na abiria wakalala njiani. Je, kama mrija ungechomoza wiki ile? Ndiyo maana nasema mgonjwa wa mrija asirudishwe kusini na karatasi ya Kiingereza peke yake. Aandikiwe barua ya kwenda kliniki ya macho ya mkoa wake, Mtwara au Lindi, ili awepo mtu wa karibu anayejua kwamba fulani ana mrija, wa kuinua kope ile kila baada ya miezi michache. Kuinua kope hakuhitaji mashine. Mimi nimeishia kidato cha nne na niliuona.

Mjomba alikuwa na bahati, usaha haukuwa umeanza. Madaktari walimfungua tena jicho, wakausogeza mrija, wakaweka kiraka kipya na kuvuta utando usiotoboka kuja kufunika. Nilimuuliza daktari kwa nini wasishone tu lile tundu. Akasema ukishona utando peke yake juu ya mrija uleule, utachomoza tena. Yule alitueleza vizuri, hata picha alituchorea nyuma ya cheti.

Sasa kila Ijumaa akitoka msikitini anakuja mwenyewe kibarazani, anavua kofia, anatazama chini bila kuambiwa. Shambani wakati wa kupuliza anavaa miwani aliyoazima kwa fundi wa kuchomelea. Wajukuu wanamcheka, wanamwita rubani. Anawajibu rubani haendi shamba, kisha anaifuta kwa pindo la kanzu na kuivaa tena.