Kuukata mti kichwa si kuupogoa

Kila mwaka masika yanapokaribia, sisi tunaohudumia miti ya barabarani hapa Dar es Salaam hupokea agizo lile lile: ukateni juu, usije ukamwangukia mtu. Hofu hiyo ninaielewa, kwa sababu chini ya mkungu mmoja wa mtaani huwapo mama lishe na wateja wake, vijana wa bodaboda na wanafunzi wanaosubiri daladala. Hata hivyo, baada ya miaka ya kukwea miti kwa kamba na msumeno, ninaamini kwamba ukataji huo ndio unaoiandaa miti kuangukia watu.

Jeraha la mti haliponi kama la mtu. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani aliyepasua miti mingi ili aone kilichomo ndani, alionesha kwamba mti huizingira sehemu iliyooza kwa ukuta wake wenyewe, kisha hukua kwa nje, huku uozo ukibaki ndani. Ukuta huo hujengeka vizuri iwapo tawi limekatwa nje kidogo ya uvimbe wenye mikunjo ulio pale linapotokea shinani. Ukiukata uvimbe wenyewe umeuvunjia mti kinga yake, na ukiacha kigutu kirefu, kitakufa na kuwa mlango wa uozo. Tawi zito tunalikata kwanza kwa chini, mbali kidogo na shina, ndipo tunalikata kwa juu, ili likidondoka lisichune gome. Kigutu kinachobaki huondolewa mwisho.

Hivi karibuni nilikwea mjohoro uliokatwa kichwa miaka kadhaa iliyopita, kwa agizo la watu walioamini kwamba wanaondoa hatari. Kwenye kigutu kimoja nilihesabu machipukizi 11, yote marefu kunizidi, yote yakiwa yameshikilia tabaka la nje tu. Nililivuta moja kwa mkono likabanduka pamoja na gome, na nyuma yake mti ulikuwa laini, wenye majimaji, wa rangi ya kahawa, hata kidole changu kikazama hadi kiungo cha pili. Chini yangu watu walikuwa wakinywa chai.

Mizizi nayo huteseka, kwa kuwa iliyo mingi hukaa karibu na uso wa udongo na kuenea kupita kivuli cha mti, lakini wachimbaji wa mitaro huikata bila kutuita.

Tuna Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, tarehe 1 Aprili, na kila halmashauri imewekewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Ninayaunga mkono yote mawili kwa moyo wote. Ninachoomba ni kwamba bajeti inayonunua miche itenge pia fedha za kuipogoa katika miaka yake ya mwanzo, wakati tawi linaloelekea kwenye nyaya za umeme lina unene wa kidole gumba na mkasi wa bustani unatosha kuliondoa kwa jeraha dogo ambalo mti utalifunika upesi.

Ule mjohoro hatukuung'oa. Katika kila kigutu tulibakiza machipukizi mawili au matatu yaliyoshika vizuri, tukayapunguza urefu, na tumeomba kuurudia kabla ya masika yajayo.