Pikipiki Iliyozima Ikipandwa na Kuwaka Ikianguka

Katika mbio za kawaida za flat track hakuna kona ya kulia. Pikipiki zinazunguka njia ya udongo yenye umbo la yai, kushoto tu. Kwenye kona mwendeshaji anaacha gurudumu la nyuma liteleze kwenda nje, usukani kaupindua kulia, mguu wa kushoto kaunyoosha, na chini ya mguu huo kuna kiatu cha chuma kinachopitapita juu ya ardhi. Ni mchezo wa Wamarekani. Nicky Hayden, bingwa wa dunia wa MotoGP mwaka 2006, alianzia huko akiwa mtoto. Mpwa wangu wa miaka 12 aliuona kwenye simu hapa Lubumbashi, na toka siku ile akitumwa chumvi anazunguka mtaa mzima kwa upande wa kushoto ndipo afike dukani.

Baba yake, yaani shemeji yangu, ni motari, dereva wa teksi-moto, mtaa wa Katuba. Alimtafutia Honda CRF100F ya mitumba iliyovuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa juu ya magunia ya unga. Kwa kazi hii huwezi kulalamika: injini ya sentimita za ujazo 99 inayopozwa na upepo, kick ya mguu, na gurudumu la mbele tayari ni la inchi 19, kipimo kile kile cha pikipiki kubwa za flat track. La nyuma ni la 16. Kazi inayobaki ni kuondoa, kushusha na kupanua. Vya kuongeza ni viwili tu, kiatu cha chuma na swichi ya kuzimia yenye kamba, na swichi hiyo ndiyo iliyotuingiza kwenye mahari ya watu.

Stendi ya pembeni inatoka kwanza. Iko kushoto, upande unaolala karibu na ardhi, na ikichimba udongo kwenye kona inamrusha mtoto. Kisha breki ya mbele. Mbio nyingi za Marekani haziiruhusu, kwa sababu ukiibana huku gurudumu limepinda juu ya udongo, mbele panakatika na wanaokufuata wanakupanda mgongoni. CRF100F ina breki ya ngoma mbele, na hapo wengi wanaharibu: wanang'oa sahani nzima ya breki. Sahani hiyo imevaa ekseli na ndiyo inayolishikilia gurudumu katikati ya miguu ya shokapu. Toa viatu vya breki, kebo, na kishikio cha kubania kule juu kwenye usukani. Sahani iache mahali pake.

Shemeji alisimama mlangoni akitazama kishikio kikitoka.

"Bwana shemeji, ule mutoto ni wa nani? Ni wangu. Sasa mbona unamutoshea freni?"

Nikamweleza. Akasikiliza kwa heshima zote, akaingia ndani kumweleza dada yangu kwamba mimi nataka kumuua mtoto.

Kushusha ndiko kwenye hesabu. Pikipiki ya njia za mashimo kama hii ina shokapu ndefu. Uzito ukikaa juu hivyo, kwenye kona inataka kupinduka badala ya kuteleza. Tulitaka ishuke sentimita 4, mbele na nyuma sawasawa. Ukishusha nyuma peke yake inakuwa nzito kuingia kona, ukishusha mbele peke yake usukani unahangaika kwenye njia iliyonyooka. Kuyapandisha mabomba ya shokapu za mbele ndani ya vibano vyake kunakupa kama sentimita 2 kabla hayajagusa usukani. Zinazobaki zinatafutwa ndani ya shokapu: pete ya aluminiamu inavishwa kwenye fimbo ya ndani, pamoja na ile springi ndogo, ili shokapu isinyooke yote. Urefu wa pete ndio urefu unaoshuka. Mkereza vyuma alitukatia mbili za milimita 20. Mji wa migodi haukosi mashine ya kukereza. Halafu linalosahauliwa na wengi: kile kipande cha bomba kinachokaa juu ya springi kubwa lazima kikatwe milimita 20 zile zile, la sivyo springi inaanza kazi ikiwa imeshabanwa, na mtoto wa kilo 40 hataikunja hata akiomba. Mafuta ni SAE 10, kiwango kimoja miguu yote miwili, unapima kwa rula kutoka mdomo wa bomba.

Nyuma kuna viungo kati ya shokapu na gurudumu, hivyo pete ndogo ndani ya shokapu inaishusha pikipiki zaidi ya unene wake wenyewe. Pima, usikisie. Na kabla ya kurudisha springi, inua gurudumu kwa mkono hadi mwisho wa safari yake uone kama linagusa madigadi.

Matairi yalibaki yale yale ya vidole, ila vidole tulivipunguza kwa kisu hadi milimita 7, maana virefu vinajikunja na pikipiki inateleza kwa kushtukashtuka. Upepo, bar 1.4. Sproketi ya nyuma tuliyoikuta ilikuwa na meno 50, tukaweka ya 45 na ya mbele ikabaki 14, yaani uwiano wa meno ukashuka kutoka 3.57 hadi 3.21. Cheni ni 428, ile ile ya teksi-moto nyingi, na hapo shemeji akaona amefika nyumbani, akaanza kutoa amri.

Kiatu cha chuma kina hadithi yake. Unachukua bati la chuma la milimita 3, unalikunja lifuate soli ya buti la kushoto la mtoto, ncha ya mbele ikiinuka kidogo isichimbe, unaweka mkanda. Chuma kitupu kinaliwa na udongo haraka, kwa hiyo chini yake huwa panachomelewa tabaka gumu. Wamarekani wanapenda Stellite, ambayo ni mchanganyiko wa kobalti na kromu. Kobalti! Inatoka Kolwezi, inapita hapa mbele ya macho yetu kwenye malori, inazunguka dunia, halafu unaambiwa bei ya fimbo moja ya kuchomelea na unatafuta pa kukaa. Fundi wetu alitumia fimbo zinazochomelewa kwenye meno ya mashine za kuchimba mgodini. Zilifaa kabisa.

Zikabaki kazi mbili, usukani na swichi. Shemeji alizifanya jioni ya Jumamosi, wakati mimi nikiwa kwa mkereza vyuma, kwa furaha ya mtu anayetaka kumshangaza mwenzake.

Usukani wa flat track ni mpana na wa chini, wetu ni sentimita 85. Ukibadilisha usukani, kebo ya mafuta lazima itafutiwe njia upya na iachwe na ulegevu wa kutosha. Shemeji hapendi ulegevu. Aliinyoosha kebo vizuri, akaifunga kwa waya kwenye fremu ionekane safi. Usukani ukiwa katikati, ilikuwa safi kweli. Ukiupindua kulia, kebo ilivutika na injini ikapanda yenyewe. Na kumbuka, katika mchezo huu unapoteleza usukani uko kulia.

Swichi nayo. Kamba inafungwa kwenye mkono wa mtoto, kichwa chake kinachomekwa kwenye swichi. Mtoto akianguka kichwa kinachomoka na injini inazima. Ila swichi hizo ziko za aina mbili. Honda hii inazimwa kwa kupeleka waya mweusi wenye mstari mweupe kwenye fremu. Inahitaji swichi ambayo kichwa kikiwa ndani njia imekatika, kikitoka njia inaunganika. Aina ya pili ni ya mashine zinazochukua umeme wa betri, na inafanya kinyume: kichwa kikiwa ndani imeunganika, kikitoka imekatika. Mita ya umeme inakuambia kwa sekunde moja. Kichwa ndani, mita inyamaze. Kichwa nje, ilie. Shemeji alinunua sokoni iliyokuwa na rangi nzuri.

Kwa hiyo tulikuwa na pikipiki inayozima ukiipanda na kuwaka ukianguka.

Uwanja wetu ni kiwanja cha zamani cha wafyatua matofali, umejaa udongo wa kichuguu. Huu ni udongo wa dhahabu kwa flat track, unashikamana na kulainika. Unamwagiwa jioni, unakunywa usiku, asubuhi uko mgumu juu na una unyevu chini. Mapipa manne ya maji ya lita 200 yanatosha. Jumapili hiyo jirani wa upande wa kona alikuwa anapokea wageni wa mahari, turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, bukari, yaani ugali, na kuku njiani. Shemeji, kwa utu wake, aliona vumbi litawasumbua wageni. Akamwaga mapipa mengine matano asubuhi.

Mtoto alikuwa bado anavua nguo za kanisani. Shemeji akaamua kupasha injini joto. Alichomeka kichwa cha kamba, akapiga kick. Kimya. Akapiga hadi shati la Jumapili likamganda mgongoni, akafungua buji, yaani plagi ya cheche, akaipuliza, akairudisha, akapiga tena. Mwisho akaichomoa kamba kwa hasira, akapiga mara moja, ikawaka.

"Niliwaambia! Kamba njo ilikuwa inaizuia!"

Akaivaa kamba shingoni. Halafu akakiona kiatu cha chuma, akakifunga kwa mpira wa tyubu juu ya kiatu chake cha kanisani. Mimi nilikuwa ng'ambo ya kiwanja nikimpungia mikono, naye akanipungia.

Kilo 90 juu ya shokapu zilizoandaliwa kwa kilo 40. Alinyooka vizuri hadi kona ya kwanza, na hapo vidole vyake vya kulia vikatafuta breki ya mbele. Motari anabana breki kabla hajafikiri. Vilikamata hewa, na kiganja kikaufunga mkono wa mafuta. Ikamlazimu kushusha mguu wa kushoto. Sasa, kiatu cha chuma hukikanyagii. Kinapitishwa kijuujuu, uzito unabaki kwenye kiti na kwenye kikanyagio cha kulia. Shemeji alikikanyaga kwa kilo zote 90 juu ya udongo wenye mapipa tisa ya maji. Mguu ukaelekea Kasumbalesa, mwenyewe akabaki Lubumbashi.

Aliteleza kwa makalio hadi kwenye ua wa jirani, mzima, hana hata mchubuko. Pikipiki ndiyo iliyobaki kazini. Ililala kwa kushoto, usukani umekwama kulia, kebo imevutika, injini inalia kwa nguvu zake zote. Kikanyagio cha kushoto kilikuwa kimezama udongoni, na gurudumu la nyuma likaisukuma izunguke pale pale, kama mbuzi aliyefungwa kambani. Kila ikigeuza mkia upande wa turubai, ilirusha kopo zima la udongo mwekundu.

Mzunguko wa kwanza ulimpata msemaji wa ukoo wa bwana harusi, amesimama, koti jeupe, akiwa katikati ya neno "heshima". Wa pili ulipata bukari.

"Yesu wangu! Iko inazunguuka bila mutu!"

"Chomoa kamba!" mtoto akapiga kelele, buti moja mguuni. Ndivyo alivyofundishwa. Lakini kamba ilikuwa imeshachomolewa, na dawa ilikuwa kuichomeka, na kichwa chenyewe kilikuwa shingoni mwa shemeji, ambaye kwa wakati huo alikuwa nyuma ya akina mama akichungulia. Nilifunga bomba la mafuta, nikachapwa udongo usoni kwa malipo, na haikusaidia upesi: kabureta ina akiba yake, injini inaendelea hadi imalize. Ukiipa nafasi, itamaliza. Wageni hawakuwa na nafasi.

Akainuka mzee mmoja wa upande wa bibi harusi, mstaafu wa kampuni ya migodi ya Gécamines, sahani mkononi. Akasubiri pikipiki igeuke, akapeleka mpini wa fimbo yake ya mti, akanasa waya wa buji, akavuta. Kimya kikaanguka. Mti mkavu haupitishi umeme kirahisi. Angetumia mkono angecheza na yeye. Akarudi kukaa, akauliza kama kuku amebaki.

Jumatatu tuliitoa ile swichi na kuweka ya aina ya kwanza, mita ikanyamaza na kulia panapotakiwa. Kebo tuliifungua, tukaipitisha mbele ya shingo ya usukani, tukawasha injini na kuupindua usukani kulia na kushoto hadi mwisho: sauti haikupanda. Mtoto anapanda sasa, gia ya pili mwanzo, ya tatu mbele kidogo, na haigusi tena kwa sababu chuma chini ya buti la kushoto kinamzuia kuinua kibadilisha gia.

Mazungumzo ya mahari yalichukua muda kuliko kawaida. Ukoo wa bwana harusi ulitaka bei ya koti itolewe kwenye mbuzi wa mahari. Ukoo wa bibi harusi ukasema udongo haukutoka kwao. Wote wawili wakakubaliana juu ya shemeji. Hana pesa za koti, kwa hiyo kila asubuhi anampeleka msemaji kazini bure kwa teksi-moto yake. Na msemaji, kabla hajainua mguu, anaomba kwanza aoneshwe breki zote mbili.