Jamani, Msiniongezee Besi Kwenye Televisheni

Hapa Tanga ukitaka kitu chako kiharibike, kaa nacho barazani uone watakavyokuja kukusaidia. Chukua televisheni ya zamani ya mvumbuzi John Logie Baird, ile ya sahani yenye matundu inayozunguka: mistari 30 kwa picha, picha 12.5 kwa sekunde, BBC wakairusha mpaka Septemba 1935. Ishara yake ni nyembamba, inatosha kuhifadhiwa ndani ya faili la sauti, na kompyuta yoyote ya Ngamiani inaweza kuichora bila sahani wala mota. Kompyuta haina neno. Wenye neno ni watu.

Faili likifunguliwa linavuma. Wa kwanza anasema spika imechanika. Wa pili keshafika kwenye ekwalaiza: “Mjomba, hii imekosa besi.” Haijakosa kitu! Huo mvumo ndio picha yenyewe. Ukipandisha besi, kivuli kinapanda na kushuka juu ya uso wa mtu. Ukipunguza ile sauti kali ya juu, pua na mdomo vinaungana. Kwa hiyo zima ekwalaiza, zima mwangwi, zima kila kilichoandikwa “kuboresha sauti”. Tena ukirekodi, usijaze sauti mpaka mwisho. Vilele vya mawimbi vikikatwa, kanzu ya mtu pichani inageuka bapa jeupe lisilo na mkunjo hata mmoja.

Halafu yupo wa kukutumia faili kwa simu. Simu imeliminya njiani, imetupa kile ambacho sikio halikihitaji. Jicho halikuulizwa. Kingo zimetapakaa, alama za kuanzia mstari zimelegea, picha inatetemeka. Kuligeuza tena liwe WAV, yaani faili la sauti lisilominywa, hakurudishi kilichotupwa. Leta WAV tangu mwanzo, kwenye flashi: dakika moja ya biti 16, njia moja, sampuli (vipimo vya mawimbi) 48,000 kwa sekunde, haifiki megabaiti 6. Hiyo nayo ni ya kubania?

Na hiyo 48,000 si mapambo. Mistari 30 mara 12.5 ni 375 kwa sekunde. Gawanya 48,000 upate sampuli 128 kamili kila mstari. Mzoea CD atakuletea 44,100, ambayo inatoa 117.6. Programu mvivu inaidondosha ile 0.6, kila picha inapungukiwa sampuli 18, uso unainama, kisha unaanza kuhama. Kwa sekunde 16 hivi umeshazunguka skrini nzima. Na mwenye faili anasisitiza ni virusi.

Wapenzi wengi wa televisheni hii siku hizi wanatumia mistari 32, yaani 400 kwa sekunde, sampuli 120. Mara nyingi picha wanaiweka njia ya kushoto na sauti ya kulia. Sasa fundi wetu, kwa roho safi, anachanganya zote mbili ziwe moja, na kila neno la mtangazaji linamtambaa usoni. Toa ya kushoto peke yake, bwana!

Mtu wa pichani akilala ubavu, usiipige kompyuta. Baird alichora kwa wima, kutoka chini kwenda juu, akianzia kulia. Programu ya kawaida inachora kama msomaji wa gazeti. Geuza safu ziwe nguzo, kisha pindua, chini iwe juu na kulia iwe kushoto. Nyeusi ikiwa nyeupe, geuza alama ya kila sampuli, chanya iwe hasi. Weusi ukipandapanda, kosa ni la kadi ya sauti: kapasita zake hazipitishi kiwango kisichobadilika. Kwenye mistari 32, programu ishike ile alama ya kuanzia kila mstari, ambayo iko chini ya kiwango cha weusi, ipime kutoka hapo.

Zile picha za Baird zilizorekodiwa kwenye santuri 1927 na 1928, alizozirejesha Donald McLean kwa kompyuta, usizilazimishe 12.5. Zilikatwa picha tatu kwa kila mzunguko wa santuri, karibu nne kwa sekunde. Ukizikimbiza, mzee wa watu anatikisa kichwa mpaka unamwonea huruma.

Ukishapanga yote, unapata nukta 30 kwa 70, jumla 2,100. Uso unaonekana, macho yanapepesa, kila kitu kimesimama. Hapo ndipo jirani anavuta kiti mbele kabisa na kuuliza Coastal Union wanacheza saa ngapi, na mbona king'amuzi hakionekani.