Naomba Nieleze Kuhusu Ile Video ya Taiti

Najua mmeshaiona. Imepita kwenye magrupu yote ya Soko la Soweto hapa Mbeya, imefika Uyole kwa wauza viazi, na jana imenirudia kutoka kwa shangazi yangu aliyeko Kyela, chini kaandika: "Baba, huyu si wewe?" Aliyeirekodi ni dereva wa bajaji ambaye hadi juzi nilikuwa namwita ndugu. Kaiwekea na maelezo, eti nimepigwa na mtoto mpaka nikalia.

Sasa sikilizeni. Yule si mtoto, ana mke na fremu ya biashara. Halafu sikulia. Nilizimia. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa na ninataka yaandikwe hivyo.

Kwa wasionifahamu, mimi ni mbeba mizigo pale sokoni. Kilo 104, na hizo si za kitambi. Haya, si zote. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, lakini lumbesa mnaijua wenyewe, lile gunia lenye kilemba juu, na mimi nayapandisha hayo kwenye Fuso tangu sijaota ndevu. Kwenye mieleka ya utani nyuma ya maghala hakuna aliyewahi kuninyanyua. Sina ufundi mwingi. Namkumbatia mtu, namwinua, namlaza, tunarudi kazini.

Kuna kijana kafungua mazoezi Forest ya Zamani, kwenye ukumbi wa kukodi, jioni jioni. Alisoma judo Zanzibar, akaongezea jiu-jitsu ya Kibrazili kwa jamaa zake wa Dar. Hakuna ngumi, hakuna mateke. Mnakamatana, mnaangushana, kisha mmoja anamtia mwenzake kabali au anamkunja kiungo mpaka agonge. Kugonga ni kofi jepesi tu, kwenye mwili wa mwenzako au kwenye mkeka, naye anakuachia palepale. Dereva wa bajaji akaja na maneno kwamba kule kuna watu wa kilo hamsini na kitu wanaoweza kunibana. Nikacheka mpaka chai ikanipalia. Tukawekeana dau la elfu kumi mbele ya mama muuza chapati, masharti yakiwa haya: atakayepigwa chini ndiye kashindwa. Mama chapati ni shahidi. Naomba msisahau hilo.

Nilikwenda na traksuti, na ndani yake taiti, kwa sababu ni Julai na Mbeya ya Julai haina huruma na mtu. Taiti ilikuwa ya mtumba. Rangi yake tutaikuta mbele.

Mwalimu alinipokea kwa heshima zote, akanionyesha mkeka, ambao ni vipande vya sponji vilivyovutiwa turubai la lori, kisha akaanza kunihadithia. Eti mwaka 1993 kule Denver, Marekani, kulifanyika shindano la kwanza la UFC, wakawekwa pamoja watu wa kila aina ya mapigano, bila kupangwa kwa uzito. Akashinda Mbrazili mmoja mwembamba, Royce Gracie, kilo kama 80 hivi. Na kwamba mwaka uliofuata, Desemba, Gracie huyohuyo alikutana na mwanamieleka Dan Severn, mtu wa zaidi ya kilo 110, akalaliwa chini zaidi ya dakika 15, halafu kutoka hukohuko chini akamfunga shingo kwa miguu, Severn akagonga.

Mimi hapo nimeitikia "eeh, eeh" huku nanyoosha mgongo. Kichwani nilikuwa naitumia ile elfu kumi.

Mpinzani wangu akaja. Jamani. Ni fundi simu wa Mwanjelwa, na simu yangu ilikuwa kwake kwa matengenezo ya kioo wakati huohuo! Tukapanda mizani: kilo 58. Akavua miwani, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya begi lake. Akanipa mkono.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Mwalimu akasema tuanze. Fundi akapiga hatua mbili kuja kwangu, kisha akakaa chini. Mwenyewe! Sijamgusa, sijampulizia hata pumzi. Alikaa kitako kwenye turubai, akalala chali, akaniinulia miguu. Nikamgeukia dereva wa bajaji nikamwonyesha kidole gumba, maana kwa masharti yale kazi ilikuwa imekwisha. Ukitazama video, sehemu hiyo ameikata. Jiulizeni kwa nini.

Ila watu walikuwa wanatazama, nami sikutaka ionekane nimeshinda kwa huruma. Nikaingia katikati ya miguu yake nimlalie. Hapo ndipo nilipoanza kuona mambo siyaelewi. Unyayo mmoja ukakaa nyonga yangu ya kushoto, mwingine ya kulia, na kila nilipojitupa mbele, yeye alisogeza kiuno kidogo pembeni, kilo zangu zote zikaenda kulala kwenye sponji. Sikuwahi kubeba mzigo unaosogea. Amenishika viganja vyote viwili, wala hashiki kwa nguvu, anashika tu. Nikasema huyu hanijui. Nikauvuta mkono wa kulia kwa nguvu ya lumbesa.

Ukatoka!

Kumbe aliuachia. Alikuwa anausubiri utoke. Mkono wa kulia nje, wa kushoto umebaki ndani, na kabla sijafurahia ushindi, paja lake likapanda bega langu la kulia na kukaa shingoni. Mguu wa pili ukaja kufunga wa kwanza, kifundo kikaingia nyuma ya goti. Akanivuta kisogo, akajigeuza kidogo upande. Taratibu kabisa, nadhani hivyohivyo ndivyo anavyofunga skrubu za simu za watu.

Wa Uyole mnaocheka kabla ya kufika, subirini.

Nilichokuja kuelezwa baadaye ni kwamba paja lake lilikuwa linabana shingo upande mmoja, na upande wa pili nilibanwa na bega langu mwenyewe. Bega hili! Nimelijenga kwa miaka yote hii kwa viazi vya Umalila, nalo likashirikiana na fundi. Kadiri nilivyosukuma mbele ndivyo nilivyozidi kujibana. Na cha ajabu, pumzi ilikuwepo. Nilikuwa napumua vizuri. Kabali ile haihangaiki na pumzi, inafunga mishipa inayopeleka damu kichwani, na damu isipofika, sekunde chache zinatosha.

Nikaamua kufanya ninachokijua. Nikaweka mkono wa kulia chini ya mgongo wake, nikasimama naye. Ndiyo, nilisimama, na hilo video haikuweza kulificha. Fundi akaning'inia shingoni mwangu kama mkungu wa ndizi za Tukuyu, na watu wakapiga yowe la kushangaa. Mwalimu anapaza sauti, "Usimbwage! Usimbwage!" Nisingembwaga, mimi nina utu, na simu yangu ilikuwa kwake.

Ni katika kusimama huko nikasikia "tap" kiunoni. Kamba ya traksuti.

Lastiki yenyewe ilishalegea tangu mwaka jana. Traksuti ikaanza safari. Na mlangoni, kwa sababu siku yangu ilikuwa imeshapangwa na mtu asiyenipenda, kulikuwa na kwaya ya akina mama. Wana zamu ya ukumbi saa kumi na mbili. Walikuwa wamejipanga na madaftari yao ya nyimbo kifuani, na wa mbele kabisa ni mama ambaye namshushia viazi nyumbani kila mwezi. Nikamsikia: "Jamani, huyu si kijana wetu wa sokoni?"

Sasa hesabu ilikuwa hivi. Mkono wa kushoto umefungiwa ndani. Mkono uliobaki ni mmoja, na una kazi mbili: ugonge, au ushike suruali. Nikapiga magoti chini na fundi wangu, mkono ukiwa umeng'ang'ania lastiki.

"Kaka, gonga," akaninong'oneza, kwa upole kabisa.

Nikakaza lastiki.

"Kaka, gonga basi. Hakuna ubaya, kaka."

Masikio yakaanza kuvuma. Ukumbi ukaanza kufifia kuanzia pembeni, ukabaki mduara mdogo katikati, na ndani ya mduara huo alikuwepo yule mama wa viazi, ameziba mdomo kwa daftari. Nikawaza, nikigonga, itashuka. Nisipogonga, itakaa. Mnaoniambia ningeweza kusema kwa mdomo, ahsanteni, wazo hilo mimi lilinijia siku ya pili nikiwa naoga.

Kinachofuata sikukiona, nimekitazama kwenye video pamoja nanyi. Mkono unaachia lastiki polepole, kidole kimoja kimoja. Fundi anahisi nimelegea, anafungua miguu upesi na kupiga kelele aitiwe mwalimu. Mwalimu ananigeuza chali, anakamata vifundo vyangu na kuinua miguu yote miwili juu ili damu irudi kichwani. Traksuti inabaki magotini. Na kuanzia hapo kwenda juu, mbele ya kwaya nzima, ni taiti ya kijani iliyochorwa mananasi ya njano. Yana na miwani ya jua, hayo mananasi.

Nikafumbua macho. Naona miguu hewani, naona nyuso. Naambiwa neno langu la kwanza lilikuwa, "Gari la Dar limeshajaa?"

Mama mmoja akajibu, "Ashindwe kwa jina la Yesu!" wenzake wakaitikia amina.

Mengine hayana haja. Nilivaa, nikapewa maji, fundi akaomba msamaha kama mtu aliyevunja sahani ya mkwe, kwaya ikaanza mazoezi yao, nasi tukahamia nje kwenye chai. Nikamuuliza mwalimu swali moja tu: je, hakuna mtu mkubwa aliyewahi kushinda? Akasema wapo tele, ndiyo maana mashindano yana madaraja ya uzito. Mwaka 1951, Rio de Janeiro, Hélio Gracie, baba yake yuleyule Royce, alipambana na Mjapani Masahiko Kimura, aliyemzidi mwili kwa mbali. Kimura akamkunja mkono, Hélio hakugonga, mkono ukavunjika, na mpaka leo mkunjo ule unaitwa kimura. Na kwenye Olimpiki ya Tokyo ya 1964, Mholanzi Anton Geesink, jitu la karibu mita mbili, aliwachukulia Wajapani dhahabu ya judo ya uzito huria nyumbani kwao. Ila wote wawili, akasema mwalimu akininyooshea kikombe, walikuwa na mwili na ufundi pia.

Hizo ndizo hadithi alizopaswa kuanza nazo. Na nimeona Hélio naye hakugonga, ingawa sidhani kama alikuwa ameshika suruali.

Sokoni jina la Lumbesa limekwisha, naitwa Nanasi. Wananunuliana kabisa, wanayapanga kwenye njia yangu ya kushushia mzigo. Nimevumilia. Simu bado iko kwa fundi, kioo keshaweka tangu Jumatatu, mdogo wangu nimemtuma mara ya kwanza akarudi na ujumbe kwamba nikaichukue mwenyewe na nisilipe kitu, ila nipitie mazoezini. Nitaona. Nimeshanunua kamba mpya.

Lakini dau silipi. Dereva wa bajaji kanifuata tena leo asubuhi na mkono mbele. Nimempeleka kwa mama chapati, tukaweka video, tukaitazama yote. Fundi alikaa chini mwenyewe, hata kama sehemu hiyo imekatwa. Mimi sikuangushwa, sikupigwa mtama, na mpaka sekunde naondoka duniani nilikuwa juu yake. Hata chali nimegeuzwa na mwalimu, ambaye hakuwemo kwenye dau. Mama chapati anasema nina hoja. Kwa hiyo elfu kumi anadaiwa yeye, na asipoilipa kufikia Jumamosi, ile bajaji yake ninainyanyua.