Msirudishe Mshale Kwenye Sufuri kwa Kifutio

Jumanne iliyopita nilimkuta mwanafunzi wa mwaka wa pili akifuta namba. Ufito wa chuma ulikuwa ndani ya koili, yaani waya uliozungushwa, umeme umezimwa, na mshale wa magnetometa, kifaa cha kupimia usumaku, umesimama kwenye digrii 7. Alikuwa ameandika 7. Akachukua kifutio, akaweka 0. Nilipomuuliza alinijibu kwa adabu: "Mwalimu, grafu ya kitabuni inaanzia sufuri. Nikiacha hivi nitakatwa maksi."

Sijamkasirikia yeye. Nimetukasirikia sisi tuliomzoesha kuogopa maksi kuliko kuamini macho yake.

Zile digrii 7 ndizo zilizokuwa na habari. Kundi la asubuhi lilipitisha mkondo kwenye koili, ufito huohuo ukiwa ndani, wakazima, wakaenda kunywa chai. Chuma hakikusahau. James Alfred Ewing, Mskoti aliyekuwa akifundisha Tokyo, aliipa tabia hiyo jina la histeresisi katika miaka ya 1880, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuchelewa, kwa kuwa usumaku wa chuma hubaki nyuma ya mkondo unaouendesha. Basi kijana aliyetumwa kupima histeresisi ameifuta kwa mkono wake mwenyewe, tena akitarajia kusifiwa.

Dawa yake inajulikana. Unapitisha mkondo mkubwa, unaugeuza kwa swichi, unaupunguza kidogo, unaugeuza tena, unaupunguza tena, na kila mzunguko unakuwa mdogo kuliko uliotangulia mpaka mkondo uishe. Ukiruka hatua au ukizima ghafla, chuma kinabaki na kitu. Ni robo saa ya uvumilivu. Ndiyo, najua kipindi ni saa mbili, wanafunzi ni kumi na wanane na seti za vifaa ni mbili. Muda hautoshi, hilo nalikubali. Lakini sentensi moja kwenye daftari, "Ufito haukuondolewa usumaku, usomaji wa kwanza digrii 7", haimalizi hata nusu dakika.

Simu nazo zikae mbali na meza. Spika ya simu ina sumaku, na mshale huo hauna habari kwamba unapima ufito tu.

Kuna mwenzangu aliyeniambia haya ni mambo ya darasani, hayamhusu mtu mtaani. Namwomba siku moja twende naye Kariobangi, hapa Nairobi. Yuko fundi pale anayeunda mashine za kuchomelea kwa bati za transfoma kuukuu. Nilimkuta ameshika bati moja iliyopindwa, akainyoosha kwa nyundo, kisha akaitupa pembeni. "Hii ukiipiga piga, mashine inachemka bure," aliniambia. Hajawahi kuchora grafu ya histeresisi, ila anachosema ndicho kilichomo ndani ya grafu hiyo. Mkondo ukipanda na kushuka, mstari wa grafu haurudi njia ileile bali hufunga kitanzi; eneo lililozungukwa na kitanzi hicho ni nishati inayopotea kama joto kila mzunguko, na umeme wetu huzunguka mara 50 kwa sekunde. Chuma kikigongwa na kupindwa, kitanzi kinanenepa. Ndiyo maana bati za transfoma hutengenezwa kwa chuma chenye silikoni, karibu asilimia 3, na hupashwa moto kuondoa mkazo. Fundi huyu amejua kwa kiganja, kwa kugusa mashine moja baada ya nyingine. Mwanafunzi wetu angeweza kumpa namba. Atampaje, ikiwa namba anazozileta amezinakili kutoka umbo la kitabuni?

Wauzaji wa sufuria Gikomba pia hujaribu stenlesi kwa sumaku. Huwa nawaomba waijaribu na kwenye kona, mahali bati ilipovutwa kwa nguvu kiwandani, kwa sababu stenlesi isiyovutwa na sumaku huanza kuvutwa kidogo ikishakunjwa. Historia ya chuma tena.

Wenzangu mnaosahihisha ripoti, nawasihi: mkiona grafu isiyoanzia sufuri, someni maelezo ya mwanafunzi kabla ya kushika kalamu nyekundu. Asipoeleza, mkateni maksi kwa kutoeleza.

Alhamisi yule kijana alirudi. Tukakaa naye robo saa nzima, yeye kwenye swichi, mimi kwenye kirekebisha mkondo. Mwishowe mshale ulitulia kwenye digrii 1. Aliutazama kwa muda, akanitazama mimi, kisha akaandika 1.