Picha ileile, sauti nyingine

Mwaka 1987 Mmarekani Mweusi Marlon Riggs alitoa Ethnic Notions, filamu ya makala iliyokusanya vikaragosi, nyimbo na hata vyombo vya jikoni vilivyomchora mtu mweusi kuwa kichekesho. Hoja yake ilikuwa kwamba kila kikaragosi kilikuwa na kazi. Enzi za utumwa mweusi alichorwa akicheka, ili utumwa uonekane haumuumizi. Alipoachiwa huru akageuzwa katili, ili aonekane hafai kuwa huru.

Hapa Dar wapo wanaoona kwamba filamu za aina hii zinatonesha kidonda tu. Ili uilaani picha lazima uioneshe, na kijana wa Temeke ambaye hajawahi kuiona anaondoka nayo kichwani. Siwabezi. Picha hukaa, maelezo husahaulika.

Ila sisi tumelelewa na vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuoneshea video. Msimuliaji wa kibandani hatafsiri tu. Anaijibu filamu, anampa jambazi jina la mtaani, anamsuta bosi wa Kizungu mpaka watu wanashika mbavu. Riggs alifanya hilohilo, tofauti ni kwamba yeye alikuja na ushahidi.

Kinachonikera ni kuzitazama hizi za Marekani kana kwamba sisi hatukuchorwa. Filamu yao Hatari! ya mwaka 1962 ilipigwa picha hapahapa Tanganyika, jina lake Kiswahili kitupu, na kati ya wahusika wakuu hakuna mwenyeji hata mmoja! Halafu ikaja Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, mwaka 2004, ambayo wengi waliijua kama filamu ya mapanki. Alitaka kuonesha minofu ya sangara ikipaa Ulaya huku Mwanza ikibakiwa na mifupa, ndiyo hayo mapanki, na swali hilo lilikuwa halali. Lakini Mwanza yake ni ya machokoraa na wagonjwa, basi. Rais Kikwete aliilalamikia hadharani mwaka 2006, na kwa hilo niko upande wake nusu: nia njema nayo huchora vikaragosi.

Zamani zaidi, kati ya 1935 na 1937, Waingereza waliweka kambi Vugiri, Usambara, wakatengeneza filamu za kumfundisha Mwafrika. Moja inaonesha wakulima wa Kingolwira, Morogoro. Sauti za filamu zile zilikuwa kwenye santuri, mbali na picha. Ningependa kuiona hiyo ya Kingolwira ikioneshwa Manzese bila santuri, maiki apewe msimuliaji.